Begi la mpiga mbizi likizama, bima inalipa nini?

Mpwa wangu aliondoka Dodoma na mabegi mawili, akarudi na moja. Alikuwa amekwenda Mafia kupiga picha za matumbawe kwa ajili ya utafiti. Begi la kamera alilipakata njia nzima kama mtoto, likapona. Lililozama ni la vifaa vya kuzamia: regyuleta, yaani kile kifaa cha mdomoni kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa kipimo, jaketi la kuelea, saa ya kompyuta inayomhesabia kina na muda, pamoja na nguo na mapezi. Kwa hesabu yake ni mali ya Sh7.4 milioni. Lilidondoka wakati wa kuhamisha mizigo kutoka boti moja kwenda nyingine, karibu na Kinasi, pale ambapo maji ya Ghuba ya Chole hupita kwa nguvu bahari inapojaa na inapokupwa. Walizama mara mbili kulitafuta, wasilione.

"Usijali Mjomba, nina bima," aliniambia kwenye simu.

Wiki chache baadaye alikuja nyumbani na barua ya kurasa mbili kutoka kampuni ya bima. Tuliisoma mezani, na kila aliyeisoma aliielewa kivyake. Shemeji yangu alimaliza mjadala kwa maneno matatu: bima ni wizi.

Nimeshughulikia madai ya bima kwa miaka 14, na kauli hiyo huniumiza kila ninapoisikia, kwa sababu mara nyingi anayeisema ana haki ya kukasirika ila amekosea wa kumkasirikia. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, hapa Dodoma neno bima limetoka maofisini likaingia kwenye daladala na vijiweni. Ni jambo jema. Lakini mtu akisema "nina bima" bado hajaniambia kitu. Bima ya nini? Dhidi ya nini? Wapi? Begi lililozama ni mfano mzuri wa kufungulia fundo hili, hata kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona bahari.

Tuanze na maneno. Bima ni mkataba: wewe unalipa ada, kampuni inaahidi kukufidia hasara fulani ikitokea kwa sababu fulani. Hati ya bima ni karatasi zinazosema hasara ipi na sababu ipi. Dai ni ombi lako la kulipwa. Fidia ni kurudishwa pale ulipokuwa kabla ya hasara; bima haikukusudiwa kukuacha tajiri kuliko jana. Kuna na sehemu unayobeba mwenyewe, kiasi kinachokatwa kabla ya kulipwa. Hati zenu nyingi zinacho, na wengi hukigundua siku ya hundi.

Mwenye gari anayajua haya tayari. Ukiwa na bima ndogo, ukamgonga mtu, kampuni inamlipa uliyemgonga. Taa yako iliyovunjika unainunua mwenyewe. Ukitaka na gari lako litengenezwe, unakata bima kubwa. Hakuna dereva anayesimama mnadani akilia kwamba bima ndogo haikumlipia bodi. Amezoea kwamba bima mbili zinaweza kuwa za gari lilelile na zisifanane. Kwenye vifaa vya kuzamia mazoea hayo hatuna, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Sasa tulifuate begi. Kutoka hapa linapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, linapita barabara hadi Nyamisati, linavuka kwa boti hadi Kilindoni, halafu linapanda boti ya wapiga mbizi. Mwenye begi anajiona amekingwa njia nzima, kwa sababu kila hatua ina bima yake. Kweli ipo. Swali ni kama inamhusu yeye.

Likiwa kabatini Dodoma, linaweza kuwa ndani ya bima ya nyumba na vilivyomo. Moto ukizuka au mwizi akivunja dirisha, unalipwa. Lakini bima hiyo ya kawaida imefungwa kwenye anwani ya nyumba, na begi likivuka geti limeiacha nyuma.

Boti nayo ina bima. Hiyo inalinda chombo na injini, na dhima ya mwenye boti akisababisha madhara kwa wengine. Ili ulipwe kutoka huko, lazima kwanza ionekane kwamba mwenye boti au mabaharia wake walifanya kosa, kisha upite fomu uliyosaini ufukweni, ile inayosema mzigo ni kwa dhamana ya mwenyewe. Wengi tunasaini tukiwa tumeshavaa nguo za kuzamia, kalamu inalowa, hatusomi. Ni habari ileile ya bima ndogo: hapa wewe ndiye uliyegongwa, na hulipwi mpaka uthibitishe kosa.

Halafu kuna bima ya wapiga mbizi, ile wanayokata wakimaliza kozi. Jina lake ndilo linalodanganya kuliko yote. Kazi yake kubwa ni mwili: matibabu, kusafirishwa, na chumba maalumu cha shinikizo la hewa kwa mtu aliyepanda juu haraka mno akapata maradhi ya viputo vya hewa kwenye damu. Ni bima muhimu na sitamshauri mtu yeyote azame bila hiyo. Lakini ukizama salama na begi likazama peke yake, bima hiyo mara nyingi haina la kusema. Baadhi hulipa kidogo kwa vifaa pale tu vilipopotea katika ajali ileile iliyomuumiza mzamiaji.

Inabaki bima ya safari, ndiyo aliyokuwa nayo mpwa wangu. Hii inagusa mizigo kweli. Ila iliandikwa ikimfikiria abiria mwenye sanduku la nguo, si mtu aliyebeba karakana mgongoni.

Kutoswa, kusombwa, kudondoka

Kwa macho ya mwenye mali, begi limepotea baharini, basi. Kwa macho ya hati, kuna njia nyingi za kupotea baharini na kila moja ina jina.

Masharti ya bima ya shehena yanayotumika karibu dunia nzima, yaliyotungwa London na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009, yana ngazi tatu zinazoitwa A, B na C. Ngazi ya C, iliyo nyembamba kuliko zote, inalipa chombo kikizama, kikipanda mwamba au kikiungua, na inalipa mzigo ukitoswa, yaani nahodha akiamua kuutupa baharini ili kuokoa chombo. Wimbi likiusomba mzigo kutoka sitahani, C hailipi. Ngazi ya B inalipa uliosombwa, na inalipa pia furushi lililopotea lote kwa kudondoka wakati wa kupakia au kupakua. Ngazi ya A inalipa hatari zote isipokuwa zile zilizotengwa kwa maandishi.

Angalia basi: bahari ileile, begi lilelile, kina kilekile. Aliyelitupa kwa makusudi ya kuokoa roho za watu yumo kwenye C. Ambaye begi lilimponyoka mkononi wakati wa kupakua hayumo, mpaka apande B. Lugha yetu ya pwani imetenganisha vitenzi hivi tangu zamani za majahazi. Tatizo ni kwamba tukijaza fomu ya madai tunaandika "lilipotea" na kuacha kampuni ichague maana.

Masharti hayo ni ya shehena, tuseme kituo cha kupiga mbizi kinachoagiza makasha ya vifaa kutoka nje. Begi la abiria lina karatasi nyingine. Lakini mantiki ni moja, na ndani yake kuna tofauti ambayo ningependa kila mkata bima aijue kuliko kitu kingine chochote.

Kuna hati za hatari zilizotajwa na kuna hati za hatari zote. Kwenye hatari zilizotajwa, wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kwamba hasara yako ilitokana na mojawapo ya sababu zilizoorodheshwa. Kwenye hatari zote, ukionyesha kwamba kitu kilikuwepo na kimepotea kwa tukio la ghafla, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa kampuni: yenyewe ndiyo ionyeshe kwamba tukio lako liko kwenye orodha ya yasiyolipwa. Ni kama tofauti ya mgeni wa harusi. Mlango mmoja una orodha ya walioalikwa, na jina lako lisipokuwemo hauingii. Mlango mwingine una orodha ya waliokatazwa, na asiyekuwemo anaingia. Kwa kitu kitakachokwenda baharini, mahali ambapo hakuna shahidi ila maji, mlango wa pili una thamani kubwa sana. Ada yake ni kubwa zaidi, nami naiona ni halali.

Hata hivyo "zote" si zote. Uchakavu haumo. Kutu ya maji ya chumvi inayokula regyuleta miaka miwili haimo, kwa sababu si tukio, ni uzee. Maji yakiingia kwenye kasha la kamera kwa kuwa mpira wa kuzibia ulikuwa na punje ya mchanga, hati nyingi huliita kosa la mtumiaji. Na kitu kilichopotea bila mtu kujua lini wala wapi, "tulipofika nyumbani hatukukiona", ni dai gumu kila mahali.

Wavuvi wa Bwawa la Mtera, kwenye barabara yetu ya Iringa, wangeelewa upesi. Injini ya kupachika nyuma ya boti ni mali kubwa kuliko boti yenyewe, na ajali yake ya kawaida ni kulegea na kuporomoka majini. Masharti ya London ya mwaka 1985 kuhusu boti ndogo yanaitenga hasara hiyohiyo kwa jina: injini ya kupachika ikichomoka au kuangukia majini, bima ya chombo hailipi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hatari inayotokea mara nyingi kuliko zote ndiyo iliyotolewa nje, kwa sababu hiyohiyo ya kutokea mara nyingi. Anayetaka ikingwe lazima aombe, na mara nyingi ataambiwa afunge mnyororo na kufuli.

Je, begi lililofungwa "linatumika"?

Turudi kwenye barua. Ilikuwa na sababu mbili za kutolipa dai lote. Ya kwanza: hati haikingi "vifaa vya michezo vikiwa katika matumizi". Kampuni ilisema boti ya kuzamia ikishang'oa nanga, vifaa viko katika matumizi. Mpwa wangu alisema begi lilikuwa limefungwa zipu.

Nilikuwa upande wake, na si kwa sababu ya damu. Kipengele hicho kipo ili kampuni isilipe pezi lililochanika kwenye jiwe au kisu kilichodondoka mtu akiwa anaogelea. Jembe likiwa begani njiani kwenda shamba halijaanza kulima. Tena kuna kanuni ya zamani katika sheria ya mikataba: neno lenye maana mbili husomwa kwa faida ya yule ambaye hakuliandika. Hati iliandikwa na kampuni. Kama ilitaka "matumizi" yaanzie ufukweni, ingeandika hivyo.

Kilichotusaidia zaidi ya hoja ni karatasi moja. Nahodha alikuwa ameandika siku ileile, kwa mkono, kwamba begi lilidondoka likiwa limefungwa, wakati wa kuhamisha mizigo, kabla ya mtu yeyote kuzama. Mpwa wangu alikuwa amepitia pia kituo cha polisi akapata taarifa ya upotevu wa mali. Hati nyingi za safari hutaka tukio liripotiwe ndani ya saa 24. Kampuni iliiondoa sababu ya kwanza.

Ya pili hatukuweza kuisogeza. Hati ilikuwa na kikomo cha Sh1 milioni kwa "kitu kimoja, jozi au seti". Regyuleta, jaketi, kompyuta, nguo na mapezi hutumika pamoja, na vilikuwa begi moja. Seti moja. Wakakata Sh150,000 za kubeba mwenyewe, akalipwa Sh850,000. Iliniuma, lakini maneno yalikuwepo tangu siku aliyolipa ada, ukurasa wa 6, kwa herufi za kawaida kabisa.

Kuhusu thamani kuna mtego mwingine mkubwa. Tuseme vifaa vyako vyote vina thamani ya Sh8 milioni, nawe kwa kubana ada ukaandika Sh4 milioni. Imepotea regyuleta tu, ya Sh2 milioni. Wengi wanasema: si ipo ndani ya milioni nne? Watanilipa mbili. Hapana. Umekinga nusu ya mali, basi kila hasara italipwa nusu: Sh1 milioni, halafu ikatwe sehemu yako ya kubeba. Umeezeka nusu ya nyumba, na mvua haichagui upande ulioezekwa. Angalia pia kama hati inalipa bei ya kitu kipya au thamani ya leo. Saa ya kompyuta ya kuzamia uliyoinunua miaka mitano iliyopita inaweza kuwa inafanya kazi vizuri kabisa na bado kwenye vitabu ikawa na thamani ya robo.

Kuna imani mbili ninazokutana nazo karibu kila wiki. Ya kwanza ni kwamba "kazi ya Mungu" hailipwi. Mkanganyiko huu unatoka mahali. Anayekubebea mzigo anaweza kujitetea kwamba dhoruba haikuwa kosa lake, na utetezi huo unaweza kukubalika. Lakini huyo ni mchukuzi. Bima yako mwenyewe haiulizi nani alikosea. Dhoruba, kama imo kwenye hati, ndiyo sababu ya bima kuwepo. Nimeona watu wakiacha kudai haki yao kwa unyenyekevu, wakidhani kudai ni kubishana na kudra. Inanisikitisha sana, maana ada walishalipa.

Ya pili ni kwamba ukizembea kidogo hulipwi kamwe. Kuponyokwa, kuteleza, kufunga kamba vibaya kwa haraka, hayo ni makosa ya binadamu na hati ya hatari zote kwa kawaida huyabeba. Isichobeba ni makusudi, au kupuuza hatari unayoiona: kuacha begi peke yake gatini ukaenda kunywa chai, au kupanda boti isiyo na leseni. Bara vyombo husajiliwa na kukaguliwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kuuliza si kumdharau nahodha.

Na hapa niseme jambo moja kwa wazamiaji wenyewe. Mkufunzi alikufundisha kuachia mkanda wa risasi, ule wa uzito unaokusaidia kuzama, ukizidiwa chini ya maji. Achia. Achia na kamera. Usikumbuke hati wala risiti.

Anayetaka kukinga vifaa vyake sawasawa aombe hati ya hatari zote kwa vitu vinavyobebeka, kila kimoja kiorodheshwe peke yake kwa jina, namba yake na bei yake, na mipaka iandikwe iwe inafika majini, si "Tanzania" tu, kwa sababu neno hilo halijasema lolote kuhusu kitu kilicho mkononi mwa mtu kwenye boti. Kuorodhesha kimoja kimoja ndiko kunakovunja ule mtego wa seti. Mwambie wakala ukweli wote: kwamba unazama, mara ngapi, kwamba unakodisha vifaa kwa wengine kama unafanya hivyo. Ukificha, kampuni inaweza kuikana hati nzima siku ya dai. Hakikisha hati yako inaonekana kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ulipe kabla ya safari. Hapa kwetu ada isipolipwa bima haijaanza. Ukishindwana na kampuni, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwandikie, ambatanisha karatasi zako.

Mpwa wangu amenunua vifaa vingine, vingi vya mitumba, na mwezi ujao anarudi Mafia. Safari hii, kabla ya kulipa, alimwandikia wakala swali moja kwa barua pepe: "Begi likiwa limefungwa, likidondoka majini kati ya boti na boti, mnalipa?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili: ndiyo, kwa kila kitu kilichoorodheshwa, begi likiwa limefungiwa boya. Amelichapisha jibu hilo na kuliweka pamoja na hati. Boya ameshalishonea begini, la rangi ya machungwa. Kamera bado haijaingia kwenye orodha. Wakala anasubiri risiti, na risiti iko kwenye simu ya zamani ambayo tangu juzi tunatafuta chaji yake.